Rimoti ya shangazi: kusoma anasoma, kazi ni kutafuta

Shangazi yangu ana miaka 74. Anaishi Ngamiani, Tanga, na bintiye pamoja na mjukuu wa miaka 11. Binti anafunga duka saa tatu usiku, mjukuu akitoka shule anaingia madrasa, kwa hiyo jioni nzima Shangazi hubaki sebuleni na runinga yake. Taarifa ya habari ya saa mbili haimpiti. Bunge likikaa, yeye ndiye anayewasimulia majirani nani kasema nini.

Binamu yangu, mwanawe wa kwanza, alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Mama siku hizi TV hawashi kabisa," aliniambia. "Nimemtumia rimoti kubwa, namba zake unazisoma ukiwa mlangoni, na bado hataki kuishika. Naona amekata tamaa."

Kazi yangu ni kuwasaidia watu wenye uoni hafifu waendelee na shughuli zao za nyumbani, na hilo la kukata tamaa sikulipokea haraka. Mara nyingi nimekuta kifaa kimemshinda mtu, halafu nyumba nzima inasema mtu ndiye aliyeshindwa. Ijumaa nilipanda basi. Kisa chake nakiandika kwa ruhusa yake, kwa sababu kosa la binamu lilitokana na mapenzi, na wengi wetu tunalifanya: tukisikia mzazi haoni vizuri, tunakwenda dukani kuomba rimoti yenye maandishi makubwa.

Anaona nini, haoni nini

Shangazi ana glakoma, ile ambayo wengi huiita presha ya macho. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida huanza kula pembeni, polepole, bila maumivu, hata mtu akija kugundua ameshapoteza sehemu kubwa. Kilichopotea hakirudi, matone anayotia kila siku ni ya kulinda kilichobaki. Kwake kimebaki kiduara cha katikati. Ndani ya kiduara hicho anaona kiasi cha kuwashangaza watu: mchana, akiwa barazani, anasoma jina la kanga ya mtu anayepita njiani. Akiinuka kuingia ndani, anajikwaa kwenye kigoda kilicho mbele ya miguu yake.

Hapo ndipo ndugu huchanganyikiwa, na wengine husema maneno ya kuumiza, eti akitaka anaona.

Chukua karatasi, iviringishe iwe bomba jembamba, fumba jicho moja, uitazame rimoti kupitia tundu lile. Utaona vitufe viwili au vitatu, basi. Ukitaka kujua kitufe cha sauti kiko wapi, itakubidi uipekue rimoti nzima kwa jicho, juu na chini, kushoto na kulia, huku ukikumbuka ulikotoka. Sasa fikiria rimoti hiyo imekuzwa mara mbili. Kila kitufe kimekuwa kikubwa, lakini ndani ya tundu kinaingia kimoja tu, na safari ya kukifikia imerefuka. Nilimfanyisha binamu zoezi hili kwa simu ya video, na ile rimoti aliyoinunua Kariakoo nikaishika mbele ya kamera ya simu yangu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe nimemuongezea kazi."

Shangazi kusoma anasoma. Kinachomshinda ni kutafuta. Hayo ni mambo mawili, na rimoti ya kumfaa mwenye shida moja yaweza kumtesa mwenye shida nyingine. Mzee aliyeharibikiwa katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hupoteza pale pale anapokazia macho, pembeni hubaki. Huyo maandishi makubwa humsaidia kweli. Mwenye mtoto wa jicho huona kama anachungulia kwenye kioo chenye ukungu. Humfaa rangi zinazotofautiana waziwazi, nyeupe juu ya nyeusi au njano juu ya nyeusi, na rimoti isiyong'aa. Lakini huyo kabla ya rimoti apelekwe hospitali, maana mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na wengi huona tena.

Jioni tatu na daftari

Jioni ya kwanza sikugusa kitu. Niliamkia, nikapewa chai na vibibi, nikaketi nyuma kidogo ya kiti chake ili nione mikono.

Mezani palikuwa na rimoti tatu. Ya runinga ilikuwa na vitufe 45, ya king'amuzi 41, na ile kubwa ya binamu 52, maandishi ya kijivu juu ya vitufe vya kijivu. Jumla vitufe 138, kwa mtu anayetaka kusikiliza habari. Zamani nyumba ile ilikuwa na rimoti moja tu. Ya pili iliingia pamoja na king'amuzi, nchi ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Tangu hapo wazee wetu wanatakiwa kujua kwamba kuna sauti ya runinga na sauti ya king'amuzi, na kwamba kuwasha ni mara mbili, na hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Shangazi alichukua ya king'amuzi. Kidole gumba hakikutafuta maandishi hata kidogo. Kiliteleza katikati ya rimoti mpaka kikagusa kinundu kilicho juu ya 5, kikatulia hapo, kikapanda, kikashuka, akabonyeza tarakimu tatu bila kuinamisha kichwa. Chaneli ikaja. Nikamuuliza amejifunzia wapi.

"Si kama kitochi changu, mwanangu," alisema, akaifungua simu kutoka kwenye pindo la kanga.

Kweli. Kwenye kitochi 1, 2 na 3 ziko juu, 0 iko chini, na 5 iko katikati na kinundu chake. Mpangilio ni ule ule. Miaka yote amekuwa akipiga simu kwa kupapasa, na mkono wake ukaihamishia elimu hiyo kwenye rimoti bila kufundishwa na mtu. Nikaishika ile kubwa ya binamu, nikapitisha kidole: vitufe vyote bapa, vyote laini, kinundu hakuna. Rimoti iliyonunuliwa kwa ajili ya macho yake ilikuwa imemnyang'anya vidole.

Kisha akataka kuongeza sauti. Akachukua rimoti ya runinga. Kitufe cha sauti kimepakana na kile cha kubadili chanzo cha picha (source), vyote viwili vidogo kama punje ya mahindi, na kidole kikaangukia kisipotakiwa. Skrini ikawa buluu, maandishi ya Kiingereza yakatokea pembeni, sauti ikakatika. Hakusema neno. Aliiweka rimoti mezani taratibu, akavuta tasbihi yake.

"Huwa unafanyaje ikiwa hivi, Shangazi?"

"Namngoja mjukuu. Siku nyingine nalala kabla hajaja."

Alishajaribu hata kuzima swichi ya ukutani na kuwasha tena, lakini runinga yake ikiwashwa hurudi pale pale ilipoachwa, kwenye ubuluu ule ule. Ndiyo maana aliacha kuwasha. Kila akigusa rimoti alikuwa anahatarisha jioni nzima, maana akibonyeza kimakosa hana njia ya kurudi alikotoka. Hili sikulifikiria kabla sijaliona kwa macho yangu, na sasa kwa kila mtu ninayemsaidia nauliza mapema: akikosea, atarudije?

Jioni mbili zilizofuata niliandika kila kitu alichotaka kufanya, si alichobonyeza. Kuwasha na kuzima. Kupandisha sauti, kushusha sauti. Kwenda chaneli ya mbele, kurudi ya nyuma. Kunyamazisha sauti adhana ikiadhiniwa. Na mara moja moja kuiita chaneli kwa namba yake, hasa anapotafuta Bunge. Vitufe sita, na zile namba.

Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Marekani ilianza kuuza rimoti iliyobuniwa na Robert Adler. Haikutumia betri, ukibonyeza, kinyundo kidogo kiligonga fimbo ya alumini ndani yake na kutoa mlio usiosikika kwa sikio la mtu, na runinga ikauitikia. Ilikuwa na vitufe vinne. Nilimsimulia Shangazi, akasema hiyo ndiyo anayoitaka. Nami nakubaliana naye moyoni: vitufe vingi vilivyoongezeka tangu hapo viliongezwa kwa ajili ya watengenezaji na mafundi, na wazee wakaachiwa wapite katikati yake.

Tulichokiacha

Rimoti kubwa ya binamu nimeshaeleza. Naongeza kasoro moja ambayo mnunuzi anaweza kuikagua pale pale kwenye meza ya muuzaji: ilikuwa inasahau. Betri zikitolewa, namba za siri za kuitambulisha runinga zilifutika, na mjukuu alishaiseti upya mara mbili. Ukinunua rimoti ya aina hiyo, mwambie muuzaji aiseti, atoe betri, mzungumze dakika kumi, azirudishe. Ikiwa imesahau, iache.

Programu ya rimoti kwenye simu janja tuliikataa bila mjadala. Kioo cha simu hakina kinundu, hakina ukingo, kidole hakijui kiko wapi.

Rimoti ya kuzungumza nayo ni nzuri sana kwa asiyeona, pale runinga yenyewe inapokubali na intaneti ipo. Runinga ya Shangazi si ya aina hiyo. Kumnunulia nyingine, na bando la kila mwezi, na menyu mpya ya kujifunza akiwa na miaka 74, kwa ajili ya vitufe sita? Nilimuuliza mwenyewe, akakataa.

Kadibodi na rangi ya kucha

Kabla ya kununua chochote hupenda kujaribu kwa vitu vilivyomo nyumbani, maana jaribio hukuonyesha unachohitaji bila kukutia hasara. Nilikata kipande cha boksi la dawa, nikakifunika juu ya rimoti ya runinga, nikaacha matundu manne tu: kuwasha, sauti juu, sauti chini, kunyamazisha. Nikazungushia tepu nyeusi ya umeme. Kitufe cha chanzo cha picha kikazikwa huko chini. Kwenye "sauti juu" nikadondosha rangi ya kucha nyekundu ya binti, tone juu ya tone, kila moja likikauka, mpaka likawa kinundu kinachoshikika. Kwenye ya king'amuzi niliziba menyu na vitufe vya rangi kwa tepu hiyo hiyo, nikabakiza namba na chaneli juu na chini. Kuzitofautisha, ya king'amuzi niliivalisha raba bendi mbili kiunoni.

Gharama: shilingi 1,500 za tepu.

Usiku ule alitazama habari mwanzo mpaka mwisho. Kwa wiki tatu hakupotea kwenye ubuluu hata mara moja. Mjukuu alikuwa akiniandikia kila kilichotokea kwenye daftari lake la shule. Matatizo yaliyobaki yalikuwa madogo lakini ya kweli. Kadibodi ilisogea na tundu likaacha kitufe chake. Na kuwasha kulimkanganya, kwa sababu kitufe kile kile huwasha na kuzima: siku king'amuzi kikiwa kimewaka na runinga imezimika, akibonyeza zote mbili anawasha hii na kuizima ile, kisha anarudia, na havikutani kamwe.

La kuwasha halikuhitaji rimoti mpya. King'amuzi chake umeme ukirudi huwaka chenyewe, kwa hiyo tulikubaliana kisizimwe kabisa. Cha kuwasha na kuzima ni runinga peke yake. Sauti ya king'amuzi niliipandisha karibu na mwisho nikaiacha hapo. Ya kucheza nayo ni ya runinga tu. Kisha kwenye orodha ya chaneli pendwa nikamuwekea tano, ili akibonyeza mbele au nyuma azunguke ndani ya hizo tano asitumbukie kwenye chaneli za mauzo. Dakika ishirini za kazi, na nyumba nyingi zingepona hapo bila kununua kitu.

Ya vitufe saba

Jaribio lilituonyesha umbo la kitu cha kutafuta: vitufe visivyozidi saba, vinavyotokeza, kila kimoja na umbo lake, vimetengana kiasi kidole kisiguse viwili, rangi zinatofautiana sana, na iwe ya kujifunza. Rimoti ya kujifunza haitegemei orodha ya namba za siri. Unaiwekea rimoti ya zamani mbele yake, nayo inanakili ishara. Kwa hiyo inaweza kubeba kitufe kimoja cha runinga na kingine cha king'amuzi pamoja, mwenye kuitumia asijue wala asijali.

Ndugu yetu aliyeko Maskati aliipata, akamkabidhi mtu aliyekuwa anarudi. Nyeupe, vitufe vyeusi vya mpira vyenye kutokeza, haina kioo cha kung'aa. Kwa macho ya glakoma nilipenda kimo chake pia: imejaa kiganjani na haizidi, hivyo akinyoosha mkono kidogo, rimoti nzima inaingia kwenye kile kiduara chake. Hiyo haikuwezekana kwa ile kubwa.

Kuifundisha kulihitaji utulivu. Niliziweka rimoti mbili mezani, zimetazamana vichwa, zikiachana kama upana wa vidole vitatu. Nikaishikilia mpya kwa ncha ya pini kwenye kitundu cha nyuma mpaka taa ndogo ikawaka. Nikabonyeza kitufe chake cha sauti juu, kisha nikakishikilia cha zamani. Taa ikapepesa mara mbili: imeshika. Kitufe cha kuwasha kiligoma mara tatu. Nikaielekeza rimoti ya zamani kwenye kamera ya mbele ya simu, nikabonyeza. Mwanga wa infraredi, ambao rimoti hutumia kupeleka ishara, hatuuoni kwa macho, ila kamera nyingi huuonyesha kama kidoa cheupe chenye uzambarau. Kidoa kilikuwa hafifu mno. Betri zilikuwa zimechoka. Nikaweka mpya, ikashika mara moja. Anayehangaika kufundisha rimoti aanze hapo.

Kitundu kile cha kufundishia kiko nyuma na hakifikiki kwa kidole. Hilo nililitaka hasa, kwa sababu kwenye rimoti ya binamu kitufe cha kuseti kilikuwa mbele, miongoni mwa vingine, tayari kuharibu kila kitu.

Kitufe cha saba tulijadili sana. Hapo ndipo nilipoweka njia ya kurudi: nilikifundisha kitufe cha rimoti ya runinga kinachoipeleka moja kwa moja kwenye king'amuzi. Si kila runinga ina kitufe kama hicho. Nyingine huzungusha vyanzo kimoja baada ya kingine, na ingekuwa hivyo ningekiacha kitupu. Juu yake nilidondosha tone la rangi ya kucha. Nilimwambia, "Shangazi, ukiona yamekwenda kombo, gusa tone." Alibonyeza mara sita mfululizo, runinga ikabaki pale pale. Aliniangalia, akabonyeza mara ya saba.

Jambo moja liliniuma. Rimoti hii haina namba, na namba ndizo alizokuwa bingwa nazo. Nilitaka iwe rimoti moja, kwa kuwa moja ni bora kuliko mbili, karibu kila mwongozo wa kazi yetu unasema hivyo. Yeye alikataa. Akasema ya raba bendi ibaki, ya kuitia Bunge. Mwanzoni nilimbishia. Nilikosea kumbishia: rimoti ile mkono wake unaijua kuliko kitu chochote sebuleni, na vitufe vya hatari nilikuwa nimeshaviziba. Ilibaki.

Zote mbili zinakaa kwenye kikapu cha ukili upande wa kulia wa kiti chake, juu ya kitambaa cha kijani kibichi ili ile nyeupe ionekane, pamoja na tasbihi na matone ya macho. Sheria ya nyumba ni kwamba anayezitoa anazirudisha mle mle, na mjukuu ndiye msimamizi mkali wa sheria hiyo. Taa tuliihamisha pia, ikawa nyuma ya bega lake badala ya kumchoma machoni.

Sasa ni mwezi wa nne. Umeme umekatika mara kadhaa, na kila uliporudi aliwasha mwenyewe. Mara moja runinga ilihama chanzo, mtoto wa jirani alipochezea vitufe vya ubavuni. Akagusa tone, ikarudi, na binti yake aliporudi dukani alisimuliwa tukio hilo mpaka wakati wa kulala.

Rimoti ya zamani ya runinga nimeivua kadibodi, nikaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye droo ya kabati la vyombo, betri zimetolewa zisije zikavuja. Isitupwe. Siku ile rimoti ya vitufe saba ikianguka sakafuni na kuharibika, mpya itakayokuja itahitaji kujifunza kutoka kwake.